Jina Mgongoni mwa Jezi ya Roscoe

Kila Juni, timu za mpira wa kikapu zilipochagua wachezaji chipukizi, Ernestine alifumua jina la zamani mgongoni mwa jezi ya mdogo wake Roscoe, akashona jipya. Jezi ilikuwa ileile ya kijani waliyoachiwa na baba yao. Aliyechaguliwa kwanza na timu ya mji wao ndiye ambaye jina lake lilivaliwa mwaka mzima, awe hodari, awe gogo.

Wengi walikuwa magogo. Pruitt alivunjika goti kabla ya Krismasi. Lindqvist alibaki kwao Uswidi, hakuja hata kusalimia. Haskell, ambaye mchungaji alimsifu mpaka mimbarini, siku hizi aliuza magari ya mitumba kando ya barabara kuu, na Roscoe hakupita pale bila kumpigia honi.

Juni hii Roscoe hakuweza kuinuka. Saratani ilikuwa imemla mapafu, na kitanda chake kilikuwa sebuleni, mbele ya televisheni. Muuguzi alikwisha kumwambia Ernestine kwamba Roscoe hataimaliza wiki.

"Dada, wakichagua gogo jingine, nizike bila jezi."

"Nyamaza. Wimbo huo umeuanza tangu enzi za Pruitt."

"Pruitt alikuwa na miguu kama tambi. Hata wewe ungemkaba."

"Tena nikiwa na sufuria mkononi."

Roscoe akacheka, kikohozi kikamkatiza. Ernestine akamfuta mdomo.

Zamu ya timu yao ikafika. Kijana aitwaye Tavares Boone alipanda jukwaani, akavaa kofia ya kijani ya timu, akarudi kumkumbatia mama yake.

"Huyu ndiye," Roscoe alinong'ona. "Nimemwona akicheza chuoni. Mara hii wamepatia. Shona, dada." Usingizi ukamchukua.

Ernestine alikuwa kwenye herufi ya tatu mtangazaji aliposema kwamba timu yao imeshamtoa Boone kwa timu ya magharibi, nayo itapewa mchezaji mkongwe mwenye mgongo mbovu. Kijana alikuwa bado amevaa kofia ya kijani. Ernestine akazima sauti, akakaa na sindano mkononi.

"Umemaliza?" Roscoe aliuliza bila kufumbua macho.

"Karibu."

"Bado ni wetu?"

"Ni wetu."

"Apa kwa baba."

"Lala, Roscoe."

"Apa."

"Naapa kwa baba."

Akamalizia herufi zilizobaki. Kwenye kitambaa, matundu ya majina ya zamani yalikuwa mengi mno, uzi haukushika vizuri.

Jumamosi Roscoe alifariki, akazikwa na jezi yake.

Baridi ilipoingia, Boone alikuja mjini na timu yake ya magharibi. Ernestine alitazama peke yake, sauti imezimwa. Kila mpira ulipomfikia kijana yule, watu wa mji wao Ernestine walisimama kumzomea, naye alifunga tu. Ernestine akajikuta anapapasa mapajani kutafuta jezi afumue, na mapajani hapakuwa na kitu.