Hukumu ya Masikio

Walimwita Masikio, na jina hilo alilivaa kwa raha zote. Kwa miaka thelathini na ushei alikuwa akitibu pikipiki kwa kuzisikiliza tu. Mteja akifika na maelezo yake marefu, humwambia anyamaze, huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, hufumba macho, kisha hutoa hukumu. Hakuna aliyewahi kukata rufaa.

Hukumu ya karibuni ilimwangukia tarishi wa ofisi ya maji. Tarishi huyo alipewa na ofisi pikipiki kuukuu, zile za zamani ambazo petroli yake lazima ichanganywe na oili. Ukisahau oili, umeiua. Wiki tatu nyuma aliileta akilalamika kwamba inachoka mlimani. Masikio akasikiliza, akaizungusha skrubu ya kabureta kidogo, akasema, "Sasa inaimba." Kesho yake, kwenye mteremko, pistoni iling'ang'ania ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, na tarishi akarushwa mtaroni. Alivunjika mkono. Masikio alipofungua injini na kukuta pistoni imechubuka vibaya, wala hakujiuliza mara mbili: huyu hakutia oili. Alimwambia hivyo tarishi mwenyewe, akawaambia wateja, kisha akaiandikia ofisi barua. Tarishi akasimamishwa kazi, na Ijumaa alitakiwa kwenda kusikia kama amefukuzwa moja kwa moja.

Leo ilikuwa Jumatano. Pikipiki ilikuwa kwenye stendi, ina pistoni mpya na ringi mpya, na oili Masikio alikuwa ameipima kwa mkono wake mwenyewe. Ilipaswa kutulia. Badala yake ilikuwa inawaka vizuri, inakwenda dakika kumi, inapata moto, inaanza kunguruma yenyewe bila kuguswa, halafu inazimika. Tarishi, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, alikuwa amekuja kurudisha ufunguo wa akiba. Alikaa kwenye benchi la wateja, mnyonge, akitazama chini kila jina la oili lilipotajwa.

Masikio alichomoa plagi. Nyeupe pe! Plagi ya injini yenye afya huwa ya kahawia. Nyeupe maana yake hewa imezidi, petroli haitoshi, na chuma kinaungua. Akasafisha kabureta. Akapuliza mpira wa petroli. Akakwangua masizi ya bomba la moshi. Akawasha tena, na baada ya dakika kumi, mambo yakawa yale yale.

"Una nini wewe?" aliifokea. "Nimekupa kila kitu, bado unaninunia!"

Akaiwasha kwa hasira. Pembeni, kwenye baraza la karakana, binti yake alikuwa akishona sare za shule. Alisimamisha cherehani.

"Baba, izime basi. Hiyo filimbi inaniuma meno."

"Filimbi gani?"

Binti alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona uso wa baba yake, kicheko kikamkauka.

"Hiyo hapo. Fiiii, haikatiki."

Masikio aliweka bisibisi sikioni. Akafumba macho. Alisikia mdundo wa pistoni, mzito na safi. Akahamisha ncha, akahamisha tena. Filimbi hakuisikia.

"Nionyeshe."

Binti aliinama, akageuza kichwa huku na huku, akanyoosha kidole nyuma ya sumaku ya kuwashia, pale ambapo sili ya mpira inazuia hewa isiingie kwenye injini. Masikio alichukua kopo la oili, akadondosha matone mawili pale pale. Injini ikayavuta. Moshi wa buluu ukatoka, na kiganja chake kilichokuwa juu ya tangi kikahisi mngurumo ukishuka na kutulia.

"Filimbi imenyamaza," binti alisema.

Sasa Masikio alielewa. Sili imepasuka, inavuta hewa, na yeye kwa skrubu yake alikuwa amepunguza petroli zaidi, akikoleza moto juu ya moto. Akamgeukia tarishi.

"Na wewe ulikuwa unaisikia?"

"Naisikia, Fundi. Ilianza kabla sijaanguka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe ulishaisikiliza?"

Masikio alizima injini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Hakujua ni pikipiki ngapi nyingine zilizopita mikononi mwake zikimlilia.

"Ndugu yangu," alisema, "hukusahau oili. Mimi ndiye niliyekuangusha. Inuka, twende ofisini sasa hivi, nikaseme mbele yao wote."

Alitarajia mtu huyo aruke kwa furaha, au amtukane. Tarishi alibaki kakodoa macho.

"Lakini nilisahau, Fundi."

"Hukusahau."

"Nilisahau! Nimeshamwambia mke wangu. Watoto nimewaita nikawaomba radhi kwa uzembe wangu. Mwanzo nilikuwa nabisha, lakini nikasema Masikio hawezi kukosea, hebu nifikirie vizuri. Nikafikiria hadi nikakumbuka. Nilikuwa kituo cha mafuta, kopo la oili nimelishika, simu ikaita, nikalirudisha kwenye boksi bila kulifungua. Naiona hiyo siku. Naiona kabisa!"

"Hilo halikutokea. Pistoni imeungua kwa hewa. Tazama plagi mwenyewe."

Tarishi aliipokea plagi kwa mkono wake mzima, akaigeuza, akaigeuza tena. Binti alisogea akamshika bega. Tarishi akasema kitu bila kuinua kichwa.

Masikio aliona midomo ikienda. Akainama, akamsogelea, lakini wapi, hakusikia kitu. Ikabidi amtazame binti yake.

"Anauliza," binti alisema kwa nguvu, machozi yakimlengalenga, "sasa yeye amekumbuka nini?"