Mlango Nyuma ya Mzani

Naapa kwa Mungu aliyeniumba na kwa pensheni yangu inayochelewa kila mwezi, haya nitakayosema ni kweli tupu, hayana chumvi hata punje. Evaline, weka simu chini usikilize. Samaki tuliyemwagiza bado yuko jikoni.

Bibiana mnamjua. Yule mama wa Mwanza anayekuja huku China kuchukua jinzi kwenye viwanda vya Xintang, mwenye sauti ya kwaya. Safari ile alifika kiwandani akaambiwa suruali zake hazijatoka kufuliwa, asubiri. Kila anayenunua Xintang anajua maana yake: lazima ukae. Siku ya kufunga mzigo unaburuta kigoda, unakaa mbele ya magunia, unaangalia kila suruali inavyoingia mpaka mdomo wa gunia ushonwe. Ukigeuka kupiga chafya, laoban, yaani bosi wa kiwanda, anakuchanganyia za watoto na zisizo na zipu, na wewe utayajua hayo ukiwa Mwanza, wateja wamekuzunguka. Na mzigo ule ndio uliokuwa duka lake lote.

Shida ikawa pa kulala. Siku alizolipia hotelini zilikuwa zimekwisha, na chumba kimeshapewa mtu mwingine. Bibiana akazunguka Shahe, mtaa wa nguo za jumla, na begi lake, hoteli baada ya hoteli. Kila mapokezi, binti alifungua pasipoti, akautazama uso, akaifunga. "Meiyou." Hakuna. Nyuma ya mgongo wake funguo za vyumba zilikuwa zimening'inia ukutani safu kwa safu. Bibiana alipokea meiyou za mtaa mzima, akashukuru kila moja kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akaenda kwa Respicius, yule Mhaya wa kusafirisha mizigo.

Respicius alikuwa anapima mafurushi. Hakuinua kichwa.

"Lala hapa stoo, mama. Nyuma ya mzani kuna mlango."

"Wa kwenda wapi?"

"Uskoti. Kisiwani huko. Nyumba ya mapumziko ya matajiri. Uvue viatu, zulia lao jeupe."

"Wenyewe je?"

"Hawaji."

Mlango ule ulitokea walipotoboa ukuta kuweka kiyoyozi. Respicius alilalamika kwa mwenye jengo, maana ulileta upepo wa bahari uliobandua lebo za mizigo. Mwenye jengo akaja, akachungulia, akaona kondoo. Akasema basi kiyoyozi hakihitajiki tena, akapandisha kodi.

Bibiana akauvuta. Shahe jua lilikuwa limeshazama. Kule ilikuwa mchana kweupe. Ukuta mzima ulikuwa wa kioo, na nje yake mawe, majani mafupi, na bahari ya rangi ya bati. Hakuna mti, hakuna jirani. Sakafu ilikuwa ya uvuguvugu, kama mahali palipotoka kukaliwa. Beseni la shaba la kuogea lilikuwa limewekwa dirishani, ili anayeoga atazame kondoo na kondoo wamtazame. Vyumba vya kulala vilizidi ukoo wake, na kila kitanda kilikuwa na rundo la mito. Bibiana akadhani ni mzigo wa mtu. Akaipanga pembeni kwa heshima, akasali, akavuta pazia, akalala.

Ikawa hivyo. Asubuhi anapita nyuma ya mzani, anapanda treni kwenda Xintang, anaambiwa kesho. Jioni anarudi na tambi zake, anaoga mbele ya kondoo. Respicius hakuwa na neno, ila kwamba anamletea majani na matope kwenye sakafu ya stoo. Wafanyabiashara wengine hawalali kule. Wanaingia kuanika nguo tu kisha wanatoka haraka, kwa sababu simu haishiki mtandao, na mfanyabiashara ambaye simu yake haishiki ni sawa na marehemu.

Siku ya Ijumaa mama mmoja mzee wa Kiskoti aliingia kwa mlango wa mbele, amevaa koti la mvua, boti ameifunga chini, mashuka safi kifuani. Akamkuta Bibiana anakaanga mayai. Akaitikia kwa kichwa, akavua koti. Lugha hawakuwa nayo, kwa hiyo Bibiana akatoa kikokotoo, kama anavyofanya na kila mtu tangu aanze biashara China. Akaonyesha vitanda, akaonyesha kikokotoo: mwaka huu wenyewe wamelala mara ngapi?

Mama akabonyeza sifuri.

Kisha akaonyesha ng'ambo ya maji, kisiwa kingine: kule ndiko anakolala yeye. Akashusha kiganja karibu na sakafu, urefu wa mtoto, akagonga sakafu kwa mguu: amezaliwa hapa. Halafu akazungusha mkono dirishani, nyumba zote za kisiwa, madirisha yamefungwa. Bibiana akamnyooshea kidole. Na wewe, ukitaka chumba hapa?

Mama akafikiri, akatikisa kichwa.

"Meiyou," Bibiana akasema.

"Meiyou," mama akarudia polepole, akalipenda neno.

Wakala mayai. Kisha wakatandua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, wakatandika mengine.

Siku ya kufunga mzigo ilipofika, Bibiana aliamka mapema, akawahi kiwandani, akakaa kwenye kigoda, magunia yakashonwa mbele ya macho yake. Na alipoyafungua Mwanza, hapakuwa na suruali hata moja mbovu.

"Hapo, mzee Kasmir, umedanganya," Evaline akasema.

"Wapi?"

"Mlango sawa. Kondoo sawa, mmoja alinitafunia sare ya kwaya nikiwa nimeianika. Lakini mzigo wa Xintang usio na suruali mbovu? Tangu lini?"

Meza nzima ikaangua kicheko, kumbe hawanichekei mimi tu. Bibiana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Waambie ukweli, babu," akasema. Kisha akawaambia yeye mwenyewe. "Nililala. Laoban alituma ujumbe kwamba anaanza kufunga, simu haikushika. Nafika, nakuta kitenge changu nilichokiacha kwenye kigoda kushikia nafasi kimekunjwa vizuri juu ya magunia yaliyoshonwa. Mwanza nafungua, nusu ni kaptula za watoto."

"Ukafanyaje?"

"Nikauza kaptula. Duka limekuwa dogo, lakini lipo." Akavuta kiti, akakaa. "Ila nililala, jamani. Nililala mpaka shavu likachorwa na mto. Na juzi nimefika tena, mapokezi wakasema meiyou, nikanyoosha moja kwa moja kwa Respicius. Yule mama wa mashuka anawasalimu."

Wakaitikia salamu. Samaki akaja.

"Mwongo ndiye anayelipa," Evaline akasema.

Nikajitetea kwamba uongo ulikuwa mmoja tu, tena wa kumpa mtu heshima yake. Hakunisikia mtu, Evaline alikuwa ameshamwita mhudumu kuagiza samaki wa pili. Nikatoa simu, nikaskani msimbo wa malipo mezani, nikalipia samaki wote wawili.