Tano kwa Saba

Sizunguki mbuyu: namwonea wivu wifi yangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu kaka alipomwoa. Shule ilipopunguza walimu, akaja kwenye karakana yetu ya useremala kusaidia kidogo. Kidogo! Miezi minne tu, mafundi wote wanamwita Mwalimu, na baba akitaka ushauri anaanza kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona.

Juzi baba akatangaza anastaafu. Tukimaliza lango la mraba, mita mbili na nusu kila upande, atachagua wa kumkabidhi funguo. Mimi nashika randa tangu nina miaka tisa. Funguo zile zilikuwa zangu.

Lango lilibakiza ubao mmoja wa mshazari, kona hadi kona. Mbao ngumu ya urefu ule ilikuwepo moja tu. Nikaivuta, nikaweka alama.

"Umepima ngapi, wifi?" Mwalimu akauliza.

"Tatu na nusu."

Sikumwambia nimeipataje. Ni kanuni ya baba: upande ukiwa tano, mshazari ni saba. Kwenye vigoda hubaki upenyo kiduchu, tunaziba kwa kabari na gundi, maisha yanaendelea.

"Itapelea," akasema. "Mshazari wa mraba wa hivi si namba wiano. Huwezi kuuandika kwa sehemu, namba nzima juu ya namba nzima. Saba kwa tano ni karibu. Kumi na saba kwa kumi na mbili, karibu zaidi. Utakaribia mpaka uchoke, wala hufiki."

"Kumbe urefu wenyewe haupo? Basi nichanje kuni!"

"Upo, wifi. Ni namba halisi kama nyingine, sehemu tu ndiyo inayoshindwa kuitaja. Laza mbao juu ya fremu, chora inapogusa kona. Hata utepe huuhitaji."

Eti huuhitaji! Alisema kwa upole, ule upole wa kumwelekeza mtoto mzito darasani, na roho ikaniuma kweli kweli. Nikawasha msumeno.

Nilipoilaza ile mbao ndani ya fremu, ilipelea sentimita tatu na nusu. Kabari gani itaziba pengo hilo?

Baba akaingia na chai yake. "Nani amekata?"

"Wifi," nikasema.

Ndiyo, mimi, mtu mzima, mama wa watoto wawili. Mwalimu akainamisha macho, hakukana. Hilo likanikera kuliko yote.

Baba akaweka kikombe chini, akapima pengo.

"Mita mbili na nusu, imepelea sentimita tatu na nusu," akasema. "Mwanangu, hii ni tano kwa saba yangu. Mwenzako angekosea, angekosea kivyake. Kanuni hii nimemfundisha mtu mmoja tu maishani."

Mafundi wakajifanya wanapiga msasa.

"Mbao hukosewa," baba akaendelea. "Kwa mbao nisingekunyima kitu."

Akafungua funguo kiunoni, akampa Mwalimu.

Miaka yote hiyo nimeringa kwamba siri ya baba ninayo peke yangu. Ndiyo iliyonitaja.