Mdomo wa Mzee Anselmi

Wanakwaya wana tabia moja inayonichefua: wanapiga picha za video kwanza, sauti baadaye. Nimesema mpaka nimechoka, rekodini wimbo ndipo mwende mbele ya kamera. Sikio la kufa halisikii dawa. Kwaya hii ya Gulwe ilikuja Makutupora kuvuna zabibu, wakaona wote wapo, majani yanapendeza, na kamera ya kuazima imepatikana. Wakafungulia biti kwenye spika, mapigo themanini na nne kwa dakika, wakaimba katikati ya mizabibu huku pampu ya maji ikinguruma. Kilichonaswa ni pampu.

Ikapita miezi saba. Wengine wote wakawa wameshaingiza sauti studioni kwangu hapa Chang'ombe. Alibaki Mzee Anselmi, mwimbishaji wao, ambaye mdomo wake ndio umejaa kwenye video karibu wimbo mzima. Lakini katikati hapo aliugua mapafu, akalazwa, akatoka na pumzi za kuhesabu.

Alikuja na mkewe, Mama Ruthu, amemshika kiwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Sabrina." Akatulia kwanza, avute hewa. "Yule mwanakwaya mwenzetu, Denis, amejitolea kuniimbia. Sitaki. Mdomo ni wangu, na sauti iwe yangu. Wajukuu zangu wasije wakamsikia Denis wakadhani ni babu yao."

Nikamvisha hedifoni, nikamwekea video kwenye kioo mbele yake aifuate. Ubeti wa kwanza alianza vizuri, kisha akachelewa. Kwenye kioo alikuwa ameshafumba mdomo, huku chumbani bado analivuta neno. Tukarudia mara nne. Kila mara yule wa shambani alimwacha.

"Punguza mwendo," akaniambia.

"Nikipunguza biti, baba, mdomo wa kwenye picha hautafuata. Kamera imepiga picha ishirini na tano kila sekunde, na zinapita vilevile."

"Basi mpunguze na yule."

Yule ni yeye mwenyewe. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikazishusha picha mpaka ishirini kwa sekunde, nikapiga hesabu, nikaishusha na biti mpaka sitini na saba na nukta mbili. Kwaya nzima ikaanza kuyumba kama watu wanaokanyaga tope.

"Jamani, mmewanywesha nini hawa?" Mama Ruthu akatania, na mzee akatabasamu.

Akaimba. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, roho yangu ikaanza kutulia. Wa tatu akashikilia stendi ya maiki kwa mikono miwili, akakohoa, na yule wa shambani akaendelea bila yeye. Nikajaribu picha kumi na tano. Picha zikawa zinarukaruka, na bado pumzi haikutosha. Niliichukia ile mashine, nikajichukia na mimi niliyejifanya fundi.

"Niimbie neno moja moja, baba. Unapumzika, mimi nitayaunga."

"Hapana. Hapo utakuwa umeimba wewe."

"Baba Ruthu," mkewe akasema taratibu, "tumwite tu Denis."

Mzee alikaa akiangalia kioo, mabega yakipanda na kushuka.

"Mrudishie yule mwendo wake," akaniambia. "Mara moja tu. Hii naiweza."

Nikarudisha ishirini na tano, nikarudisha themanini na nne, nikabonyeza kurekodi. Biti ikaingia. Mdomo wake ukafunguka pamoja na ule wa kwenye kioo, ukafumba nao, ukatabasamu pale ule ulipotabasamu. Neno kwa neno, beti zote nne, hakuchelewa hata kidogo. Masikioni alikuwa na kwaya nzima na biti, hakuweza kujisikia.

Mimi nilikuwa nasikia. Hapakuwa na sauti. Mstari wa maiki yake ulilala kwenye kompyuta, ukistuka kidogo tu pale alipovuta hewa. Mama Ruthu alinitazama, nami nikavikazia macho vitufe. Nilitamani wimbo usiishe.

Ukaisha. Mzee akavua hedifoni, jasho linamtiririka, uso uking'aa kwa furaha.

"Imeingia?"

"Imeingia, baba," nikasema.

Mama Ruthu alikuwa ameshatoka nje kumpigia Denis.