Mkono Uliobaki Nyumbani

Mtoto alikuwa hapati usingizi mpaka ashike ngozi ya kiwiko cha mtu. Kule walikotoka hilo halikuwa tatizo, maana nyumba ilijaa viwiko: cha bibi, cha mama mdogo, vya mabinamu wakubwa, akichoka huyu, anapokea yule. Huku ugenini nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko la pembeni, na wenye viwiko walikuwa wawili tu. Baba alifanya kazi ya usiku kwenye ghala la nyama, akirudi asubuhi analala fofofo, hata ungempigia ngoma sikioni asingegutuka. Mama alikuwa mkunjaji wa mashuka kwenye kampuni inayofulia mahoteli, na alitakiwa kazini kabla mtoto hajaamka.

Asubuhi moja, alipokuwa akijinasua polepole kitandani kama kawaida yake, mkono wake wa kushoto ulibaki. Ulichomoka begani bila damu wala maumivu, kama mto unavyotoka kwenye foronya, na mtoto akaendelea kukisokota kile kiwiko usingizini. Mama aliutazama mkono, akatazama saa, akaona basi litamwacha. Aliukunja mkono mtupu wa sweta, akaubana kwa pini, akatoka mbio.

Kazini, msimamizi alimshauri aongeze pini nyingine, kitambaa kisije kikanaswa na rola za mashine ya pasi. Kisha akamtoa kwenye mashuka, ambayo hayakunjiki kwa mkono mmoja, akampeleka meza ya foronya. Huko jirani yake alikuwa mwanamke waliyembandika jina la Bi Kimya. Masikio yake aliyaacha kwao, kwa mama yake mgonjwa, ili mzee apate wa kumsikiliza, kwa hiyo ukimtaka ulilazimika kumgusa bega. Bi Kimya alilitazama lile sweta, akauliza mkono ameuacha kwa nani. Mama akamwonyesha kwa kiganja kimo cha mtoto, usawa wa nyonga. Bi Kimya akatikisa kichwa, akaendelea kukunja.

Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Jioni mama akirudi, mkono ulirudi begani wenyewe, naye akawa anauchunguza: uji uliokaukia kwenye kucha, rangi za kuchorea, chumvi ya machozi yaliyofutwa. Ndivyo alivyojua mtoto ameshindaje. Baba naye alishusha pumzi, kwani siku zote aliona haya kulala huku mtoto anacheza peke yake na vifuniko vya sufuria.

Kisha msimamizi akamwongezea saa za kazi. Mama alizikubali shingo upande, maana mwenzake aliyezikataa hakuitwa tena. Sasa alikuwa akirudi na kumkuta mtoto keshalala, na mkono haukurudi begani. Akiugusa tu, mtoto hukunja uso na kuukumbatia zaidi. Mama akajikaza kisabuni, akawa analala upande wa ukutani. Aliona kwamba mkono umejifunza kusuka nywele peke yake, tena mistari iliyonyooka, jambo ambalo yeye, alipokuwa na mikono yote miwili, hakulipatia nafasi tangu wahamie.

Siku moja, katikati ya foronya, alihisi joto kali kwenye kiganja asichokuwa nacho. Alilijua joto lile. Lilikuwa la paji la uso. Alimwendea msimamizi, akamweleza kwamba mtoto ana homa na anaomba ruhusa. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na wanawe, picha zao kazibandika kwenye mlango wa kabati lake. Alifikiri kidogo.

"Kwani mkono wako si uko naye?"

"Uko."

"Basi ana mtu."

Mama alirudi mezani. Alikunja foronya moja baada ya nyingine huku akihisi kile kiganja kikichovya kitambaa kwenye maji, kikikamua, kikirudi kwenye paji, mpaka joto likapungua. Aliumia sana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mkono haukukosea hata jambo moja.

Alipofika nyumbani, mtoto alikuwa macho, mzima, amekaa kitandani kauegemea ule mkono. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Mtoto alimtazama yule mwanamke wa mlangoni toka juu hadi chini, kisha akakumbuka adabu aliyofunzwa.

"Shikamoo, anti," alisema. "Mama amechoka. Alikuwa ananiuguza."

Baba aliinamia viatu vyake, asiinue uso. Mama alitaka kumsahihisha mtoto, lakini hakuona uongo uko wapi.

"Marahaba," aliitikia, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango.

Asubuhi alipokuwa anatoka, mtoto alikuwa ameamka. Mkono ulimshika kiganja chake kidogo, ukakiinua, ukampungia nacho, kama mgeni anavyoagwa. Mama naye akapunga, akafunga mlango taratibu asimwamshe baba.

Kazini, msimamizi alimuuliza mtoto anaendeleaje, kwa sababu mambo kama hayo hakuwa mtu wa kuyasahau.

"Hajambo," alisema. "Yuko na mama yake."

Msimamizi akasema vizuri, akamsogezea kikapu cha foronya.