Mstari Uliochechemea Ukutani

Pale kliniki ya mazoezi ya viungo walimwita Fundi Ukuta, ingawa maishani mwake hakuwahi kushika tofali. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta zinazogeuza mwendo wa mtu kuwa picha na sauti. Katika chumba cha mazoezi alifunga kamera darini, projekta na spika mbili. Mgonjwa akiinua mkono, mstari wa buluu uliinuka naye ukutani na sauti kama ya filimbi ikapanda. Akiushusha, vyote vilishuka. Watu waliokuwa wakiyakimbia mazoezi sasa waligombea zamu.

Wiki ya pili, muuguzi wa chumba kile alimpigia simu asubuhi.

"Fundi, njoo uone ukuta wako. Unachora na chumba ni kitupu."

Alikwenda bila wasiwasi. Programu kuwa na kasoro ni jambo la kila siku, mtu hakosi usingizi kwa hilo. Alikuta viti vimepangwa, mapazia yametulia, hakuna mtu. Lakini ukutani mstari wa buluu ulikuwa ukitoka upande wa mlango kuelekea dirishani. Hatua ndefu, hatua fupi. Filimbi ikapanda, ikakatika, ikapanda. Ulipofika dirishani ulisimama, ukainuka taratibu hadi usawa wa bega, ukatetemeka hapo, ukaanguka. Kisha ukaanza upya.

Alikagua feni, mwanga na nyaya. Akaipitia programu yote, neno kwa neno. Hakuna mahali ilipotunza mwendo wa mtu. Ilichora tu kile ambacho kamera ilikiona wakati huohuo. Mwishowe akapanda ngazi, akaifunika kamera kwa kitambaa cheusi.

Mstari haukusita hata kidogo. Akashuka akishikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Huu mwendo naujua," muuguzi alisema polepole. Hakuwa amevuka kizingiti tangu wafike. "Ni wa mwalimu mmoja mstaafu, alipata kiharusi. Alikuja kila siku saa nne, miezi saba, akihangaika kuinua mkono upite bega. Haukupita. Alifariki kabla hujaja kufunga vitu vyako."

"Kuna mtu alimrekodi?"

"Kwa kitu gani? Mimi simu yangu yenyewe ni ya kubonyeza."

Fundi Ukuta akanyoosha mkono achomoe waya, yaishe. Muuguzi alimzuia.

"Ana mjane. Si haki tumfiche."

Mjane alikuja siku ya tatu, saa nne kasoro. Mama mfupi, mkoba kwapani, hakuuliza mengi. Kitambaa kilikuwa kimeshaondolewa. Saa nne mstari uliingia ukichechemea. Aliufuata kwa macho mpaka dirishani, akauona ukiinuka, ukitetemeka.

"Baba watoto," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake mezani, "umejitahidi vya kutosha. Twende nyumbani."

Akageuka, akatoka. Alipita katikati ya chumba, mbele ya kamera iliyo wazi, na ukuta haukumchora hata nukta. Ulimchora aliyekuwa nyuma yake: hatua ndefu, hatua fupi, mpaka mlangoni. Filimbi ikanyamaza.

Tangu siku hiyo ukuta haukuchora tena chumba kikiwa kitupu. Fundi Ukuta aliandika kwamba kasoro imerekebishwa, akijua hakugusa hata herufi moja. Alijiambia kwamba wamefanya jambo jema.

Mwezi ulipopita, alimuuliza muuguzi habari za yule mama.

"Nilimpitia juzi. Hajambo, hata amenenepa," muuguzi alijibu, akikunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Ila hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni, akasema baba amelala."

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambia nini? Nilisema, basi nisalimie baba. Nikaondoka zangu." Akaiweka shuka chini. "Sikuwa hata nimefika mbali. Nikasikia mwanamume anaitikia, salamu zimefika."

Fundi Ukuta akawasha projekta. Alikuwa amekuja kuijaribu programu mpya. Akamwomba muuguzi aketi naye humo chumbani mpaka amalize, na muuguzi akavuta kiti bila kuuliza sababu.