Mgeni Hajanyweshwa

Miezi minne mashine ya kunyanyulia magogo ilikaa kimya pale kiwandani kwetu Shume, ikingoja pampu. Siku pampu ilipofika kutoka Tanga, meneja wetu, Bwana Kornelio, alimwambia baba mkwe wangu mbele ya wapasua mbao wote:

"Mzee Darweshi, ni hii moja tu. Ukiiua, naleta kijana wa chuo, wewe ukalime kabichi."

"Kabichi nazo zina ufundi wake."

Watu walicheka. Mimi niliona mkono wake ukitafuta mfuko wa koti na kuukosa.

Jina lake nimeliandika kwa kuwa lilitoka kinywani mwa meneja. Mimi mke wa mwanawe, kwa mila yetu, silitaji. Issa, mume wangu, alikuwa jeshini akijenga taifa, nami nilifagia vumbi la mbao pale kiwandani.

Baba mkwe aliegemeza mkono wa mashine juu ya magogo usije ukamshukia, akafuta kila nati, akafunga pampu. Lakini Bwana Kornelio alikuja mara tatu kuuliza, maana wageni wa wilaya walikuwa njiani. Kila alipokuja, mzee alisimama, akamsikiliza kwa adabu, akarudi pale alipodhani ameachia. Mara ya tatu alirudi kukaza mpira wa mwisho wa kupitishia mafuta. Kopo la mafuta lilikuwa bado nyuma yangu, mfuniko haujaguswa.

Niliwahi kumsikia akimfundisha Issa: pampu ikizunguka kavu hujila yenyewe kabla hujahesabu sitini.

Sefania wa injini alishakamata hendeli. Kumkosoa baba mkwe mbele ya wanaume, siwezi. Kumtuma mtu ni kumtangaza. Nikafagia taratibu mpaka karibu na pampu, nikaisemesha yenyewe.

"Pole, mgeni. Umetoka Tanga yote hiyo, hata kunywa hujapewa, unaambiwa ukabebe magogo?"

"Dada, vumbi limekupanda kichwani," Sefania akasema.

Baba mkwe hakunitazama. Alitazama kopo.

"Sefania, ngoja kwanza." Kisha akaiinamia pampu. "Nisamehe, mgeni. Mwenyeji wako amezeeka."

Akafungua mpira, akamimina mafuta kidogo kidogo, akizungusha ekseli kwa mkono, mpaka mapovu yakaisha. Akakaza. Sefania akaiwasha injini na kuizima papo hapo, mzee akahakikisha inazunguka inakoelekeza mshale uliochorwa ubavuni mwake. Ilipowashwa tena, polepole, bila gogo, pampu ilikoroma kama mtu mwenye mafua, halafu sauti ikalainika.

"Wageni wameshafika," meneja akasema.

"Wapewe chai. Gogo halinyanyuliwi kabla ya dakika kumi."

Akachukua kipande cha karatasi ngumu, akakipitisha kando ya viungo vya mipira kuona kama panavuja. Mafuta yenye nguvu hayapimwi kwa kiganja, hupenya ngozi. Kiungo cha mwisho kilikuwa chini, gizani. Akainama, akafinya macho, akainuka. Akakiweka kile kipande juu ya gogo lililokuwa kati yetu, akasogea hatua mbili pembeni.

"Mgeni," akaiambia pampu, "huko chini atakuangalia mwenzako. Macho yangu hayafiki."

Nikaweka ufagio, nikakichukua. Nikakipitisha taratibu kama nilivyomwona yeye, nikakitoa kwenye mwanga, nikakigeuza pande zote mbili.

"Kikavu," nikaiambia pampu.

"Basi tunyanyue," akasema baba mkwe.